Albamu ya Sarafu Kongwe kwa Mtu wa Kipato cha Kadiri

Aliyewahi kuishika kwa ncha za vidole peni ya 1936, ile senti kumi ya shaba yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zinazolikumbatia tundu hilo, akaigeuza upande wa pili na kulisoma jina la Mfalme Edward wa Nane lililoandikwa kwa Kilatini, haoni ajabu kwamba wako watu watoao fedha inayopita sokoni ili kununua fedha ambayo haipiti tena. Mfalme huyo alijiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo huo, hata sura yake haikupata kutolewa katika sarafu za matumizi ya kwao Uingereza. Bali senti zetu za matundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na taji na jina tu, basi zikawahi kupigwa kwa wingi kabla hajashuka katika kiti cha enzi. Ndiyo maana taarikhi adhimu kama hii hununuliwa hata leo kwa bei isiyomtisha mtu.

Nimeanza na peni hiyo kwa makusudi, kwa kuwa wengi hudhani kukusanya sarafu kongwe zisizopata kutumika ni kazi ya matajiri, na dhana hiyo si sahihi. Ghali ni uadimu, wala si umri. Na mwenye fedha chache afanye hiari moja tangu mwanzo: achague mlango mmoja mwembamba, kisha anunue uzima wa sarafu badala ya wingi wake. Mlango ninaousifu mimi ni sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, na shilingi zake zikaanza kupigwa mwaka 1921. Florini ya 1920, iliyotangulia shilingi na kuishi muda mfupi mno, aiache kwanza. Wala asitake kila mwaka pamoja na kila alama ya kiwanda, H ya Heaton wa Birmingham, KN ya King's Norton, SA ya Pretoria na I ya Bombay, kwani hapo ndipo mifuko inapotoboka. Atafute aina moja moja. Ndururu moja, yaani senti tano ya tundu, ya George wa Tano, moja ya Edward, moja ya George wa Sita, moja ya Elizabeth, kisha ile ya 1964 isiyokuwa na jina la mfalme yeyote: tayari ukurasa mmoja wa albamu unasimulia karibu nusu karne. Shilingi zina mpaka wake: hadi 1946 zilikuwa na robo ya fedha halisi, toka 1948 zikawa shaba iliyochanganywa na nikeli, na ukurasa wake hukoma 1952. Baada ya hizo huja sarafu za Tanzania za 1966, zenye uso wa Mwalimu Nyerere mbele, na nyuma samaki, mbuni, sungura na mwenge, ambazo zikiwa mpya kabisa bado hupatikana kwa bei rahisi.

Sarafu isiyopita mikononi mwa watu hujulikana kwa nuru yake. Iinamishe polepole chini ya taa moja, nawe utaona mng'ao ukizunguka usoni mwake kama vijiti vya gurudumu. Kisha tazama palipoinuka zaidi, katika shilingi ni nywele za mfalme juu ya sikio na manyoya ya simba, na ikiwa hapo pamefifia hali pengine panang'aa, sarafu hiyo imetembea, hata muuzaji aape vipi. Mng'ao wa kusuguliwa ni mwingine: ni mkali, umeenea sawasawa, na ukitazama kwa kioo cha kukuza utaona mikwaruzo myembamba isiyohesabika.

Kuhusu albamu yenyewe, tahadhari ni mbili. Plastiki laini yenye harufu kali, ile iitwayo PVC, hutoa kwa miaka utando wa kijani unaokula shaba; na zile kurasa zenye vifuniko vya kuteleza hukwaruza shavu la mfalme kila kinapovutwa kifuniko, hivyo sarafu isukumwe chini kidogo kwanza. Huku pwani, penye joto na hewa ya chumvi, albamu haikai ukutani wala karibu na dirisha. Ikae ndani ya kasha kavu, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, na sarafu ishikwe ukingoni siku zote.

Basi mwenye bibi aliyezitunga senti za matundu uzini akazihifadhi sandukuni, nakuomba kwa dhati: usizisugue kwa ndimu wala kwa majivu. Zitoe uzini taratibu, uandike katika karatasi ni za nani na zilitoka wapi, na uziache na rangi yake.