Je, Wajua? Faili lako lina sheria yake

Ifakara imezizoea fomu za ridhaa kuliko miji mingi ya Tanzania, na sababu ni utafiti. Kituo kilichoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy ndicho leo Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990, zaidi ya watoto 500 wa kijiji cha Idete, bondeni Kilombero, walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66. Siku hizi mshiriki husomewa fomu kwa Kiswahili na kuuliza anachotaka, asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi, na anaweza kujitoa siku yoyote.

Na mgonjwa wa kawaida aliye kwenye foleni? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kumpa mhusika haki ya kuomba kuziona. Ile ya UKIMWI ya 2008 inadai ushauri nasaha kabla na baada ya kupima. Na si faili tu: ukipewa dawa usiyoijua, uliza jina na kazi yake kabla hujaondoka dirishani.