Rais aliyerudia kitabu chake

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na nchi changa ya kuongoza, na bado alitoa kitabu: tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, iliyochapishwa na Oxford University Press kwa jina la Julius Caezar. Mwingine angeona kazi imekwisha. Yeye aliirudia, na mwaka 1969 likatoka toleo lililorekebishwa ambalo hata jina lake lilikuwa limebadilika: Juliasi Kaizari. Kati ya matoleo hayo mawili yalipita maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, Muungano wa Aprili mwaka huohuo na Azimio la Arusha la 1967. Anayesema hana nafasi ya kusoma barua yake mara ya pili kabla ya kuituma, na alipime hilo.

Ugumu wa kujihariri hauko kwenye muda peke yake. Mwandishi akirudia kazi yake jioni ileile, husoma alichokusudia badala ya alichoandika. Neno lililoruka analiona lipo, na hoja yenye pengo anaizibia kichwani bila kujua. Ndiyo maana wazoefu huilaza kazi, hata kama ni usiku mmoja tu, kisha huisoma kwa sauti. Pale pumzi inapokata, sentensi ni ndefu mno. Pale ulimi unapojikwaa, maneno hayajakaa sawa. Sisi tuliolelewa na mashairi ya kughaniwa tusingehitaji kufundishwa hilo, ila kompyuta imetuzoesha kusoma kimyakimya.

Baada ya hapo ni kufyeka, na hapa wengi wetu tuna huruma mno. Tazama lugha ya ripoti zetu: “Halmashauri imefanikisha utekelezaji wa zoezi la uchimbaji wa visima.” Aliyeandika hivyo angeweza kusema “Halmashauri imechimba visima”, msomaji akaelewa na karatasi ikapona. Kitenzi cha Kiswahili kina nguvu za kutosha. Tukikigeuza nomino, inabidi tukitafutie vitenzi vingine vya kukibeba. Vivyo hivyo “napenda kuchukua fursa hii”, “ni ukweli usiopingika” na ndugu zao. Mara nyingi hata aya nzima ya kwanza inaweza kuondoka, kwa sababu mwandishi alikuwa bado anajinyoosha.

Lakini kurekebisha nako kuna mpaka. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya yake A Grain of Wheat mwaka 1967, akiwa kijana aliyekuwa akisoma Leeds, Uingereza. Mwaka 1986, akiwa tayari amepita kizuizini Kamiti na yuko uhamishoni, alitoa toleo lililorekebishwa. Safari hii hakugusa sentensi tu. Kile kilichoitwa Chama kikawa Vuguvugu, na tukio la mpigania uhuru kumbaka mwanamke wa Kizungu likaondolewa. Msimamo wake wa kisiasa ulikuwa umekomaa, naye akataka wapiganaji wa riwaya walingane nao.

Wahakiki wamelijadili badiliko hilo kwa miaka mingi, na haki ya mwandishi juu ya kazi yake siipingi. Ila toleo la kwanza lilikuwa na ujasiri wa kuonyesha kwamba mtu anaweza kupigania haki na bado akatenda unyama, na hilo lilimfanya msomaji akose raha, kama inavyopaswa. Nyerere alirudi kuboresha alichokuwa akikisema tangu mwanzo. Ngũgĩ wa 1986 alimsahihisha Ngũgĩ wa 1967 kana kwamba anasahihisha mtu mwingine. Mawazo yake mapya yalikuwa yamekwishapata kitabu chao, Petals of Blood, mwaka 1977. Kwa maoni yangu, A Grain of Wheat ingeachwa ilivyokuwa.