Majitu ya Galula

Mtanzania akisikia neno dinosaria, mawazo yake huenda Tendaguru mkoani Lindi, kisha huvuka bahari hadi Berlin, alikosimamishwa yule mjusi mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, na mifupa ilibebwa na wapagazi wetu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Habari hiyo imeandikwa sana, imefika hata bungeni, na ni haki yake. Lakini mkoa wa Songwe hautajwi, na hilo linaniuma, kwa sababu Songwe ina majitu yake.

Maelfu ya watu hupita Tunduma mkoani humo kuelekea Zambia na Kongo, macho yao yakiwa kwenye foleni ya malori. Upande wa kaskazini wa mkoa huohuo, ardhi inateremka kuingia Bonde la Rukwa, na huko Galula kingo za mito zimekatika zikaacha wazi mawe mekundu ya mchanga. Ni mchanga uliolazwa na mito ya kale, miaka milioni 100 hivi iliyopita. Mvua za kila masika humega kingo hizo, na ndivyo mifupa inavyochungulia.

Tangu 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyapekua mawe hayo. Jitu la kwanza kutangazwa lilikuwa Rukwatitan, mwaka 2014. Lilikuwa limenasa ndani ya ukuta wa genge, na kulitoa kulihitaji misimu miwili na mikono ya wachimbaji wa makaa ya mawe, watu wanaojua kuubembeleza mwamba. Zikatoka pingili za uti wa mgongo, mbavu, nyonga na mifupa ya miguu. Miguu ya mbele inakadiriwa kufika mita 2. Mnyama huyu alizikwa mara mbili: mara ya kwanza mafuriko yalimfunika kando ya mto, kisha mto ukahama njia, ukaifukua sehemu ya mifupa na kuifukia tena mkondoni. Yote hayo yanasomeka kwenye tabaka za mchanga, na mimi sijui kitabu cha historia kinachonivutia kuliko huo ukuta.

Mwaka 2017 akafuata Shingopana songwensis, aliyebeba jina la mkoa. Mifupa yake ina matundu ya wadudu walioutafuna mzoga kabla haujafunikwa. La kushangaza zaidi, jamaa zake wa karibu wanapatikana Amerika ya Kusini, bara ambalo zamani lilikuwa limeungana na Afrika. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka, aliyeonekana 2004 juu ya genge la Mto Mtuka na kuchimbwa hadi 2008. Pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Wote walikuwa wala majani, na mifupa ya shingo zao ilikuwa na vyumba vya hewa kama ya ndege, ndiyo maana shingo ndefu hivyo iliweza kuinuliwa. Miguuni mwao alizunguka Pakasuchus, mamba wa nchi kavu mwenye ukubwa wa paka, aliyepewa jina la pili la kumuenzi Profesa Saidi Kapilima wa Dar es Salaam.

Jina Songwe linabebwa pia na mito yetu miwili: mmoja unamwaga maji Ziwa Rukwa, mwingine ni mpaka wetu na Malawi na unaingia Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya huo wa pili, Karonga, ndiko alikotoka jitu jingine, Malawisaurus, na wenzetu wamesimamisha mfano wa mifupa yake yote kwenye jumba lao la makumbusho. Mtoto wa Karonga anaweza kusimama chini ya mbavu zake na kuuliza maswali.

Mtoto wa Vwawa, mkoani Songwe, anastahili vilevile. Si lazima mifupa halisi. Nakala za plasta zinatosha, na ndizo zinazotumika katika majumba mengi ya makumbusho duniani. Mahali pa kuanzia pia papo: Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, tayari kinapokea wageni na wanafunzi. Pingili chache za Shingopana zikiwekwa hapo, pamoja na ramani ya kuonyesha Galula, mwalimu wa sayansi wa mkoa huu atakuwa na pa kuwapeleka wanafunzi wake.