Maana ya Kuvunja Nyumba

Katika lugha yetu majina ya watu watwaao mali isiyo yao ni mengi, na kila jina lina mahali pake. Mwivi hutwaa kwa siri. Mnyang'anyi hutwaa kwa nguvu mbele ya mwenyewe. Mdokozi hutwaa kidogo kidogo, kama mtoto adokoaye nyama chunguni. Lakini yule aingiaye nyumba ya watu usiku, wenyewe wamelala, hana jina lake peke yake. Twamwita mwivi tu, au twasema, "Fulani amevunjiwa nyumba." Waingereza huliita kosa hili burglary, na mwanzo wa neno hilo wataalamu hulihusisha na burg, yaani boma. Twataka kuonyesha hapa ya kuwa wizi ni jambo moja na kuvunja ni jambo jingine, na ya kuwa asiyeyapambanua aweza kukiri kosa asilolitenda, au kulikana alilolitenda.

Watu wa kale walikwisha kuyapambanua. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo, zaamuru kwamba atoboaye nyumba auawe mbele ya tundu lile lile alilolitoboa. Katika Kutoka, sura ya 22, mwivi avunjaye akipigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu; lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia iko. Na katika Mathayo, sura ya 24, neno la Kiyunani lililofasiriwa kuvunjwa kwa nyumba maana yake hasa ni kuchimbwa. Msomaji aijuaye nyumba ya fito na udongo hataona ajabu: mwivi wa nyumba kama hiyo hana haja ya mlango, hutoboa ukuta.

Katika fikihi ya Kiislamu, mwivi hakatwi mkono ila mali iwe imetolewa mahali palipohifadhiwa, napo huitwa kwa Kiarabu hirz. Neno hilo tunalo sisi pia, ndilo hirizi. Basi hirizi ya mtoto shingoni na nyumba iliyofungwa ni ndugu kwa asili ya jina: zote mbili ni kinga.

Sasa tuitazame sheria ya Kenya, ambayo ilitungwa kwa kufuata ile ya Kiingereza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika vifungu vya 303 na 304, yataka mambo matatu: kuvunja, kuingia, na nia ya kutenda kosa kubwa humo ndani. Mambo hayo yakitendeka mchana katika nyumba ikaliwayo na watu, kifungo chaweza kufika miaka 7. Yakitendeka usiku, miaka 10. Katika Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yafika miaka 14 kwa mchana na 20 kwa usiku.

Usiku wenyewe umepimwa. Katika Kenya ni tangu saa 12 na nusu ya jioni hata saa 12 na nusu ya asubuhi. Katika Uingereza, ambako jua la majira ya joto hukawia kuchwa, sheria ya 1916 iliuhesabu tangu saa 3 ya usiku hata saa 12 ya asubuhi. Na sheria ya 1968 ikaliondoa sharti la usiku katika kosa hili.

Neno kuvunja ndilo litegalo watu. Kwa Kiswahili cha kila siku, kilichovunjwa huonekana: komeo limekatika, ubao umepasuka. Lakini kwa sheria, kuusukuma mlango ulioshindikwa tu, au kuinua dirisha lililofungwa, ni kuvunja. Na kuingia si lazima mwili wote uwe ndani: mkono watosha, hata upondo alioupenyeza mwivi ili kuvuta nguo. Kinyume chake, aupitaye mlango ulioachwa wazi kabisa hakuvunja, ijapokuwa aweza kuwa na kosa jingine. Wala si lazima kitu kiibwe. Aliyeingia kwa nia ya kuiba akakimbia mikono mitupu, kosa lake limekwisha kutimia.

Tuseme basi mshtakiwa anaulizwa, "Je, ulivunja nyumba?" Anajibu kwa moyo safi, "Sikuvunja kitu, niliusukuma mlango tu." Kwa lugha yake amekana, kwa sheria amekiri nusu ya shtaka. Mwingine aliyepita mlango ulio wazi akajibu, "Ndiyo," akidhani kuvunja ni kuiba, amejitwika mzigo usio wake. Katika Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021, kwa hiyo jambo hili si la wenye kamusi tu. Yampasa aulizaye aligawe swali: Mlango ulikuwaje? Uliufanyaje? Uliingia kwa nia gani?

Wala hatuna haja ya kulitupa neno letu. Kwetu mgeni hupiga hodi, akangoja karibu, asiyeitikiwa hurudi. Na amharibiaye mwenziwe ndoa twasema amevunja nyumba yake, wala hapana afikiriye kuta. Basi lugha yetu ilikwisha kujua ya kuwa nyumba ni zaidi ya miti na udongo. Avunjaye nyumba usiku, hata asipochukua kijiko, amekwisha kuwaondolea wenyewe amani ya kulala. Na hiyo hairudishwi kama irudishwavyo mali.