Tumsaidie Mgonjwa wa Parkinson Apate Usingizi



Katika ziara zetu za vijijini tulikutana na mama mmoja aliyefika kwenye mkutano wa kikundi jicho likiwa limevimba. Wenzake walinyamaza. Kila mmoja alifikiri ni mzee wake amempiga. Mwishowe mama mwenyewe akasema, "Ni kweli amenipiga, lakini alikuwa amelala. Alikuwa akiota anafukuza fisi bomani. Alipoamka na kuniona hivi, alilia."

Mzee huyo ana ugonjwa wa Parkinson. Jamaa walikuwa wamekwisha kusema kwamba ana mapepo, na wengine walimshauri mama arudi kwao. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba shida hii ya usiku ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba iko namna ya kuipunguza. Ndiyo sababu tumeona tuzungumze juu ya jambo hili.

UGONJWA HUU NI NINI?

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Hicho ndicho kinachosaidia mwili kutembea, kugeuka na kushika vitu bila shida. Chembe hizo zikifa pole pole, mtu huanza kutetemeka mkono hata akiwa amepumzika, mwili hukakamaa, hutembea kwa hatua fupi fupi, na sauti huwa ndogo. Wengi huanza kuugua baada ya miaka 60, lakini wako wanaoanza mapema. Ugonjwa huu hauambukizi. Si laana wala si kurogwa.

Aliyeueleza ni daktari James Parkinson wa London, mwaka 1817. Hata wakati huo aliandika kwamba wagonjwa husumbuka usingizini. Wengi wetu tunamkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetembelea Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995. Yeye pia aliugua ugonjwa huu kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2005. Basi tusimwambie mgonjwa kwamba ni dhambi zake.

KWA NINI USIKU NI MGUMU?

Sababu ni nyingi, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja.

1. Dawa huisha nguvu. Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni levodopa. Haiponyi, lakini mwilini hugeuka kuwa dopamini na kumpa mgonjwa nafuu kwa saa chache tu. Akimeza ya mwisho jioni, usiku wa manane imekwisha. Hapo anashindwa hata kujigeuza kitandani, analala kama gogo. Alfajiri vidole vya miguu hujikunja kwa maumivu.

2. Mkojo. Anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo, na kila akiamka anaweza kuanguka.

3. Ndoto za kupigana. Mtu mzima wa afya akiota, ubongo hufunga misuli yake kama ng'ombe anavyofungwa kamba asitoke zizini. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kamba hii imelegea. Akiota anapigana, mikono inapigana kweli. Madaktari wa Minnesota, Marekani, waliieleza hali hii mwaka 1986. Mwaka 1996 walitoa habari za wanaume 29 wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na ndoto hizi bila ugonjwa mwingine. Kati yao, 11 walikuwa wamepata Parkinson au ugonjwa unaofanana nao. Kwa hivyo mzee akianza kupigana usingizini, hata kama hatetemeki, mpelekeni akapimwe.

4. Miguu kukosa utulivu. Jioni anahisi kama kuna wadudu wanatembea ndani ya miguu, naye hapati nafuu mpaka atembee. Wakati mwingine ni upungufu wa madini ya chuma katika damu. Hili hupimwa hospitalini.

5. Kuona watu wasiokuwepo. Hii yaweza kuletwa na ugonjwa, na dawa, au na homa na maambukizi ya mkojo. Ikianza ghafla, msingoje.

6. Huzuni na wasiwasi. Mgonjwa anaamka saa tisa usiku na kukaa akiwaza. Huzuni hii pia ni sehemu ya ugonjwa, na ina matibabu.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Tuanze na kitanda. Kiwe cha chini kidogo, lakini si chini sana, kwa maana mgonjwa akilazwa sakafuni hawezi kuinuka. Godoro liwe gumu, lisilobonyea katikati. Pale kiunoni tandikeni kitambaa cha kuteleza, kama kile cha bitana ya koti, ili ajigeuze kwa urahisi. Miguuni msiweke kitambaa hicho, kwa sababu anahitaji kukanyaga akijisukuma. Blanketi moja jepesi ni bora kuliko matatu mazito. Fungeni kamba imara kwenye mguu wa kitanda ili aishike akitaka kuketi.

Kwa habari ya mkojo, apunguze chai na kahawa tangu alasiri, lakini mchana anywe maji ya kutosha. Ndoo yenye kifuniko ikae karibu na kitanda, asitoke gizani kwenda chooni. Akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili. Wagonjwa hawa hushikwa na kizunguzungu wakisimama ghafla. Tochi au taa ya sola iwe pale mkono unapofika.

Kwa habari ya ndoto, ondoeni panga, rungu, jembe na koroboi karibu na kitanda. Wekeni godoro la zamani sakafuni kando yake asije akaumia akianguka. Anayelala naye atumie kitanda kingine, chumba kile kile ikiwezekana. Akianza kupiga kelele, usimshike mabega. Simama mbali kidogo umwite kwa jina mpaka aamke. Mwelezeni daktari hali hii, kwa kuwa ziko dawa za kuituliza.

Mchana apate jua, atembee, na afanye kazi anayoiweza, hata kama ni kupukuchua mahindi. Akisinzia, apumzike muda mfupi kabla ya saa tisa alasiri. Akilala mchana kutwa, usiku atakesha.

Hapa tuseme neno moja bila kuficha. Anayeota anakuwa amefumba macho, na akiamka mara nyingi hueleza ndoto yake. Mtu anayempiga mkewe akiwa macho ni jambo lingine kabisa. Hilo lisifunikwe kwa jina la ugonjwa.

DAWA: MAMBO YA KUANGALIA

Mgonjwa asiache levodopa kwa ghafla, wala asiongeze tembe mwenyewe kwa sababu amekosa usingizi. Akiacha ghafla mwili unaweza kukakamaa kabisa, homa ikapanda, na hata kufa. Tembe zikikaribia kwisha, tafuteni nyingine mapema.

Nyama, maziwa, mayai na maharagwe hushindana na levodopa tumboni. Ni vizuri ameze dawa nusu saa kabla ya githeri ya jioni, si pamoja nayo. Lakini asiache vyakula hivyo, kwa maana mwili unavihitaji.

Ziko dawa zinazozidisha Parkinson. Metoklopramidi hutolewa kwa kutapika. Haloperidoli na kloropromazini hutolewa kwa mtu anayeona vitu au kuchanganyikiwa. Kila mnapokwenda zahanati, semeni kwanza, "Huyu ana Parkinson." Tena msinunue dawa ya usingizi dukani bila kumwuliza daktari.

Dawa nyingine za ugonjwa huu, kama pramipeksoli na ropiniroli, zaweza kumletea mtu usingizi wa ghafla mchana. Akipatwa na hali hiyo asiendeshe bodaboda wala asitumie mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na daktari aambiwe.

Kabla ya kwenda hospitali, andikeni kwa siku saba: alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi na kwa nini, alimeza dawa saa ngapi. Karatasi hiyo humsaidia daktari kupanga upya saa za dawa, au kumpa ile inayofanya kazi muda mrefu zaidi usiku.

ANAYEMTUNZA NAYE ALALE

Mara nyingi tunauliza habari za mgonjwa na kumsahau aliyekesha naye. Mama anayeamka mara tano kila usiku, na asubuhi anakamua ng'ombe, ataugua yeye pia. Hapa ndipo kikundi kina kazi. Watoto wakubwa, shemeji na majirani wapange zamu, hata usiku mmoja au mbili kwa juma. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yule mama tuliyeanza naye hakurudi kwao. Kikundi kilimnunulia godoro la pili kwa pesa za mzunguko, na mwanachama mmoja akawasindikiza hospitalini. Daktari alibadilisha saa za dawa. Mzee bado anaota, na mara moja moja anapiga kelele. Lakini mama halali tena mahali ambapo ngumi zinamfikia, na Jumamosi usiku shemeji yake hushika zamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Je, kuna mtu kijijini kwetu anayetetemeka au kupigana usingizini? Watu wanasema nini juu yake?
2. Ni nani anayekesha naye, na amelala lini mara ya mwisho usiku kucha?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwezi huu: zamu, godoro, taa, au nauli ya kwenda hospitali?