Hesabu za Tangi la Matofali

Likasi, kama kwingineko Haut-Katanga, udongo wa kichuguu ndio unaosifiwa kwa matofali ya kuchoma. Una udongo wa mfinyanzi wa kutosha, lakini hunywea ukikauka na hunywea tena tanurini, na tofali lililokaa karibu na moto hutoka dogo kuliko la pembeni. Vipimo vya kuazima basi havifai. Matofali kumi yaliyookotwa bila kuchagua hupangwa mstari mmoja yakigusana, na urefu wote hugawanywa kwa kumi. Upana na kimo vivyo hivyo.

Tuseme wastani ni sentimita 22 kwa 11 kwa 7. Ukutani kila tofali huongezewa sentimita moja ya mota, hivyo uso wake huwa 23 kwa 8, yaani sentimita za mraba 184. Mita moja ya mraba ina 10,000, kwa hiyo ukuta wenye unene wa sentimita 11 hula matofali 54 na kitu. Anayesahau mota hupata 65, akalipia kumi na moja ya bure kwa kila mita ya mraba. Ya kuvunjika huhesabiwa mbali: matano hadi kumi kwa mia, kutegemea ubaya wa barabara.

Tangi la duara lenye kipenyo cha ndani cha mita 2 hupimwa katikati ya unene wa ukuta, ambako kipenyo ni mita 2.11 na mzunguko mita 6.63. Hiyo ni matofali 29 kwa kozi, yaani safu moja. Kimo cha mita 1.2 ni kozi 15, jumla matofali 435, na tangi hubeba lita 3,770. Mzunguko wa ndani uleule ukijengwa mraba hubeba lita 2,960 tu.

Tena ukuta ulionyooka hubinuka. Maji yenye kina cha sentimita 60 husukuma kila mita ya ukuta kwa uzito wa kilo 180. Yakifika mita 1.2, kilo 720. Kina maradufu, msukumo mara nne. Duara hugeuza msukumo huo kuwa mvuto unaozunguka tangi zima, na tofali halistahimili kuvutwa. Ndiyo maana waya huzungushwa nje kabla ya lipu ya saruji, mizunguko ikikaribiana zaidi chini, ambako shinikizo ni kubwa.

Kujaza ni hesabu nyepesi: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita 40 za mraba likipata milimita 20 hutoa lita 800, au 640 ikipotea sehemu moja ya tano. Mvua sita za namna hiyo hulijaza tangi. Nyumba inayotumia lita 60 kwa siku hulimaliza kwa siku 62. Likijaa mwishoni mwa Aprili, huwa tupu mwanzoni mwa Julai, na kiangazi cha Likasi huendelea hadi Septemba.