Kitufe kimoja kilivyoitoa jasho Microsoft: Kwa nini tunakasirika simu na kompyuta zikibadilishwa sura

Umeamka asubuhi, simu imejisasisha yenyewe usiku ikiwa kwenye chaji. Umeme umekatika, unavuta kutoka juu ya kioo uwashe tochi. Tochi haipo pale ilipokuwa jana. Unatafuta kushoto, unatafuta kulia, mwisho unaazima simu ya mwenzako ili umulike ya kwako.

Hilo neno ulilolitamka kimoyomoyo, mamilioni ya watu walishalitamka kabla yako. Wengi wao mwaka 2012, na aliyetamkiwa alikuwa Microsoft.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kitufe kimoja tu.

Miaka 17 ya chini kushoto

Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 ilikuja na kitufe kimeandikwa Start, kikakaa chini kushoto mwa skrini. Kuanzia hapo, hata mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta alijua hilo moja. Unataka kuandika barua? Start. Unatafuta kikokotoo? Start. Unataka kuzima mashine ukalale? Start pia. Ndiyo, ulikuwa unabonyeza "anza" ili uzime. Watu walilicheka hilo kwa miaka, lakini waliendelea kulibonyeza.

Ilipokuja Windows Vista neno likaondolewa, ikabaki nembo ya duara. Hakuna aliyepiga kelele sana kwa hilo, maana mahali palikuwa palepale na kazi ilikuwa ileile.

Tarehe 26 Oktoba 2012 ikaingia sokoni Windows 8. Kitufe hakipo.

Ukiwasha kompyuta unakutana na skrini nzima ya vigae vya rangi: kijani, zambarau, buluu, vingine vinabadilika picha vyenyewe. Ukienda kwenye ule ukurasa wako wa zamani wenye mafaili, chini kushoto hakuna kitu. Ilibidi usukume mausi hadi kwenye kona kabisa, mahali ambapo hapaonyeshi chochote, usubiri kitu kitokee.

Na kuzima je? Peleka mausi kona ya kulia, subiri upau uchomoze pembeni, bonyeza mipangilio, bonyeza alama ya umeme, ndipo uchague kuzima. Hatua zote hizo, na hakuna alama hata moja kwenye skrini inayokuonyesha uanzie wapi. Watu walikuwa wanazima kwa kubonyeza kile kitufe cha kwenye boksi la kompyuta. Waliokuwa wanaendesha seva waliumia zaidi, kwa sababu Windows Server 2012 nayo ilipewa vigae hivyohivyo. Fundi akiwa anaiendesha seva ya mbali kupitia kidirisha kidogo kwenye skrini yake, kulenga ile kona bila mausi kutoka nje ya kidirisha ulikuwa mtihani.

Walikuwa wanawaza nini?

Hapa tuwatendee haki. Microsoft hawakuamka tu siku moja wakaamua kuwaudhi wateja.

Mwaka 2010 Apple ilitoa iPad, na ghafla watu wakaanza kununua vishikwambi badala ya kompyuta mpya. Microsoft, ambayo karibu kila kompyuta ya ofisini ilikuwa na mfumo wake, ikaona gari linaondoka. Ikaamua kutengeneza mfumo mmoja wa kote kote, kishikwambi na kompyuta ya mezani. Siku ileile Windows 8 ilipoingia sokoni, kampuni ilianza pia kuuza kishikwambi chake, Surface. Vigae vikubwa vinafaa sana kuguswa kwa kidole. Tatizo ni kwamba wateja wengi walikuwa wamekaa mezani na mausi mkononi.

Halafu walikuwa na takwimu. Windows huwa inakusanya taarifa za namna watu wanavyoitumia, na wahandisi waliona kwamba kwenye Windows 7 watu walikuwa wanaifungua menyu ya Start mara chache kuliko zamani. Sababu ilikuwa rahisi: programu za kila siku walikuwa wamezibandika kwenye upau wa chini. Basi, hesabu ikaonekana iko wazi, menyu inapoteza umuhimu.

Mimi naona hapo ndipo walipoteleza. Ni sawa na kuhesabu ni mara ngapi familia inachota maji kwenye tangi la akiba, ukakuta ni mara chache kwa mwezi, ukaling'oa. Siku bomba likikauka ndiyo watu watakuja kugonga mlango wako. Start haikuwa ya programu unazotumia kila siku. Ilikuwa ya siku umepotea.

Na walionywa. Toleo la majaribio lilikuwa mikononi mwa watu tangu Februari 2012, miezi minane kabla. Malalamiko yalikuja mengi. Ilisambaa hadi video ya mzee mmoja aliyewekwa na mwanawe mbele ya Windows 8 bila maelekezo yoyote. Mzee akaingia kwenye ukurasa wa zamani, akashindwa kurudi alikotoka. Wengine walicheka. Waliokuwa na wazazi wanaotumia kompyuta hawakucheka sana.

Kitufe kinarudi, ila...

Mambo yakaenda haraka. Novemba 12, 2012, wiki zisizozidi tatu baada ya mauzo kuanza, Steven Sinofsky aliyekuwa mkuu wa Windows akaondoka Microsoft. Kampuni haikusema kwamba ni kwa sababu ya Windows 8, kwa hiyo tusimsingizie. Na si kwamba haikuuzika: baada ya miezi sita Microsoft ilitangaza imeuza leseni milioni 100. Ila leseni nyingi huuzwa pamoja na kompyuta mpya. Mteja ananunua kompyuta, mfumo anaukuta ndani, apende asipende.

Ukitaka kujua watu walionaje, angalia walichofanya baada ya kufika nyumbani. Walitafuta programu za kuwarudishia Start. Classic Shell ilikuwa ya bure. Start8 ilikuwa ya kulipia, na watu walilipa. Yaani unatoa hela mfukoni ili upewe kitu ulichokuwa nacho jana!

Oktoba 17, 2013 ikatoka Windows 8.1, na kitufe kikarudi chini kushoto. Shangwe. Halafu watu wakakibonyeza, kikawapeleka kwenye vigae vilevile. Kitufe kilirudi, menyu haikurudi. Angalau safari hii uliruhusiwa kuwasha kompyuta ikupeleke moja kwa moja kwenye ukurasa wa zamani.

Menyu yenyewe ilirudi na Windows 10, Julai 29, 2015, ikiwa na vigae vichache pembeni yake kama wakwe waliokubaliana yaishe. Windows 9 haikuwahi kuwepo, waliiruka.

Vidole vinakumbuka kuliko kichwa

Sasa swali: kitufe tu, kwa nini kelele zote hizo?

Jaribu hili. Taja namba yako ya siri ya kutolea pesa bila kuangalia wala kuwazia vitufe vya namba. Wapo watakaokwama, lakini ukiwapa simu vidole vinaipiga vyenyewe. Kazi unayoirudia mara elfu inatoka kwenye fikra inaingia kwenye mazoea, na kichwa kinabaki huru kufanya mengine. Mtu anayeandika ripoti hafikirii kitufe kiko wapi, anafikiria ripoti. Ukihamisha kitufe unamlazimisha aanze kufikiria tena jambo aliloacha kulifikiria miaka kumi iliyopita, tena katikati ya kazi, bosi anasubiri.

La pili ni la kisaikolojia. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kupoteza kitu kunatuuma kuliko kupata kitu cha thamani hiyohiyo kunavyotufurahisha. Kahneman alikuja kupewa Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mfumo mpya unaweza kuwa unawaka haraka zaidi, na Windows 8 kweli ilikuwa inawaka haraka, lakini macho ya mtu yanakwenda kwenye kile kilichoondolewa.

Na tusiwasingizie wazee peke yao. Wanaolia zaidi mara nyingi ni wajuzi, kwa sababu wao ndio wenye mazoea mengi ya kupoteza. Mwaka 2011 mfumo wa GNOME, unaotumika sana kwenye kompyuta za Linux, ulitoa toleo la 3 lenye sura mpya kabisa. Mmoja wa waliokuja juu hadharani ni Linus Torvalds, mtu aliyeianzisha Linux yenyewe. Akahamia Xfce, yenye sura ya kizamani. Wengine walikwenda mbali zaidi: wakachukua msimbo wa GNOME na kutengeneza mifumo yao, MATE na Cinnamon, ambayo ipo mpaka leo. Torvalds baadaye alirudi GNOME, baada ya kuongezewa viongezi vya kuirekebisha alivyotaka.

Mazoea au kasoro?

Kampuni zina jibu moja wanalolipenda: "Watazoea." Na wakati mwingine ni kweli. Mwaka 2013 Apple ilitoa iOS 7, ikafuta ile sura ya ngozi na mbao kwenye iPhone ikaweka rangi bapa. Watu waliilaani. Leo sijui mtu anayeidai ile ngozi irudi. Lakini ndani ya malalamiko yaleyale kulikuwa na watu waliosema picha zinazosogea zinawapa kizunguzungu na kichefuchefu. Hao hawakuwa wanahitaji kuzoea, walihitaji kitufe cha kupunguza mwendo, na Apple ikaboresha hicho kitufe mwezi mmoja baadaye.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: baada ya mwezi, hesabu hatua. Kama kazi ileile bado inakuchukua hatua nyingi kuliko zamani, si wewe mwenye tatizo. Kuzima Windows 8 kulikuwa na hatua nyingi siku ya kwanza, na siku ya mia zilikuwa nyingi vilevile.

Hatari ya kusema "sisasishi tena"

Kuna upande wa jambo hili ambao si wa kucheka. Mtu aliyeumwa na sasisho moja huanza kuyakimbia yote. Na kwenye sasisho, sura mpya na viraka vya usalama mara nyingi huja kwenye kapu moja.

Microsoft yenyewe ilichangia. Mwaka 2016 ilikuwa inawasukuma watu wahamie Windows 10, na kwenye tangazo lake kubonyeza ile alama ya X kulifunga dirisha tu, ratiba ya kuhamia ikabaki vilevile. X, ambayo dunia nzima inajua maana yake ni "sitaki". Mwanamke mmoja wa California mwenye biashara ya uwakala wa safari aliishtaki kampuni, akisema kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya kuhamishiwa Windows 10 bila ridhaa yake. Alilipwa dola 10,000. Kampuni baadaye ikaibadilisha ile X.

Mwaka uliofuata, Mei 2017, kirusi WannaCry kikaingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwa zimewekewa. Siyo zote ziliachwa kwa sababu ya sura, wengine ni uzembe au bajeti tu. Ila kila mteja anayejifunza kuogopa sasisho anaongeza idadi hiyo.

Swali hilo limerudi sasa hivi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Anayetaka kuhamia Windows 11 anakutana na Start iliyohamishiwa katikati na upau ambao mfumo huo ulipotoka 2021 haukukubali kuwekwa pembeni kama zamani, bila kusahau kwamba kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa cha usalama ambacho mfumo huo unakidai. Baadhi ya vitu vilivyoondolewa Windows 11 ilipotoka 2021 vimesharudishwa kimyakimya, baada ya kelele. Kuburuta faili hadi kwenye upau wa chini kulirudi 2022. Kutenganisha madirisha kwenye upau huo, 2023.

Unachoweza kurudisha mwenyewe leo

Kabla hujazima masasisho yote, angalia kwanza mipangilio.

Kwenye Windows 11, bofya kulia kwenye upau wa chini, fungua mipangilio yake, shuka mpaka sehemu ya tabia za upau, chagua ukae kushoto. Start inarudi kwao.

Kwenye Samsung, sasisho la One UI 7 la mwaka 2025 lilitenganisha taarifa na vitufe vya haraka: unavuta upande mmoja unapata ujumbe, upande mwingine unapata tochi. Vuta kutoka kulia, gusa alama ya kalamu, ingia kwenye mipangilio ya paneli, chagua zikae pamoja.

Na iPhone iliyopata iOS 26 yenye sura ya kioo inayofanya maandishi yasisomeke vizuri juani? Sasisha hadi 26.1, ingia kwenye mipangilio ya skrini na mwangaza, fungua Liquid Glass, chagua ile yenye giza kidogo. Hiyo chaguo haikuwepo mwezi Septemba iOS 26 ilipotoka. Imekuja Novemba.